Simbilisi Kwenye Meza ya Bwana

Mwaka wangu wa pili chuoni Columbus, Marekani, nilipata kazi ya saa chache kwa wiki kwenye orofa ya chini ya idara yetu. Kulikuwa na makabati ya chuma yaliyojaa slaidi za zamani, zile picha ndogo za kioo ambazo walimu waliwaonyesha wanafunzi kabla ya kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuzitoa moja moja, kuzipangusa vumbi na kuzipitisha kwenye mashine ili ziingie kwenye kompyuta. Wenzangu waliiona kazi ya kuchosha. Mimi nilikuwa nikifika dakika kumi mapema.

Nilikuwa nimetoka Kitale kuja kusoma historia ya sanaa, na tasnifu yangu ilihusu Kanisa Kuu la Cusco, kule Peru. Cusco ulikuwa mji mkuu wa Wainka kabla Wahispania hawajauteka. Walipouteka, walijenga kanisa lao palepale lilipokuwa kasri la mfalme. Mawe waliyateremsha kutoka ngome iliyokuwa juu ya mji, na waliolazimishwa kuyateremsha ni watu ambao babu zao ndio waliyachonga. Ujenzi ulikwenda karibu miaka mia moja. Kisha kuta zikawa tupu, zikihitaji michoro, na maaskofu hawakuwa na wachoraji wa kutosha. Wakawafundisha wenyeji rangi za mafuta, wakawapa picha kutoka Ulaya wanakili.

Wenyeji walinakili, lakini kwa namna yao. Malaika wakachorwa wamevaa kofia za manyoya na kushika bunduki. Bikira Maria akavishwa gauni pana chini, jembamba juu, mpaka akafanana na mlima, na juu ya gauni wakapaka dhahabu kama mtu anayetia nakshi kwenye kitambaa. Kila nilipotazama picha hizo moyo ulinienda mbio. Niliwaona watu waliopewa amri, wakaitii, na bado wakasema yao.

Tatizo ni kwamba yote hayo yalikuwa yameshaandikwa. Profesa aliyekuwa akinisimamia, mama wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, aliniambia waziwazi mwezi wa tisa: "Unaandika vizuri, lakini sijaona bado jambo lako mwenyewe. Ukifika Krismasi hujalipata, tutafute mada nyingine."

Ilikuwa mwezi wa kumi nilipoitoa slaidi ya Karamu ya Mwisho. Nilikuwa nimeiona picha hiyo vitabuni, ndogo, yenye giza. Hii ilikuwa safi. Niliikuza kwenye skrini mpaka ikajaa. Yesu yuko katikati, wanafunzi wamemzunguka, mmoja wao amegeuza uso anatutazama sisi. Mezani kuna matunda ya milimani kwao. Na kwenye sahani, mbele ya Yesu mwenyewe, pale ambapo mchoraji wa Ulaya angeweka mwanakondoo, kuna mnyama mdogo amelala chali, miguu minne juu.

Niliyajua maelezo yake: huyo ni mnyama wa kufugwa wa kule, anayeliwa sikukuu. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaikunja, nikaitia mkobani. Kwa nini niliichukua sijui. Nadhani nilitaka tu kuwa nayo.

Jumapili nilikuwa nikienda kusali Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus, kwenye ukumbi ambao Wakongomani waliukodi kwa ibada ya Kiswahili. Nilianza kwenda kwa sababu ya kuikosa lugha, nikabaki kwa sababu ya mama mmoja aliyetoka milima ya karibu na Bukavu. Siku za kazi alikuwa akipakia nguo kwenye maboksi katika ghala moja kubwa. Jumapili alikuwa akipika. Watoto wake wakubwa walimjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nadhani na yeye alinipendea lugha. Baada ya ibada nilikwenda kwake kula, kisha nikamsaidia kusoma barua za shule na za hospitali.

Jumapili hiyo, nikitafuta kalamu mkobani, ile karatasi ilidondoka. Mama aliiokota, akaikunjua juu ya meza, kando ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akaitazama. Akaiinua, akaisogeza dirishani.

"Hii ni Yesu?"

"Ndiyo, Mama. Ni picha iliyoko kwenye kanisa ninalolisoma."

"Na hii mu sahani?" Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni. "Binti, hii njo simbilisi! Bon, nani alibaambia batu ba huko kama sisi tunakulaka simbilisi?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimekwisha kusoma jina la mnyama huyo kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na kwa lugha ya Wainka. Haikunijia hata siku moja kwamba ana jina la Kiswahili, wala kwamba kuna mtu ninayemfahamu aliyewahi kumfuga.

"Mama, mlikuwa mkiwafuga?"

"Tulikuwaka nabo mu jikoni! Kila nyumba. Unabatupia maganda ya ndizi, majani, bananona. Usiku unasikia tu kwii, kwii, kwii chini ya kitanda." Alikuwa amesimama sasa, mikono inaonyesha ukubwa wao, namna wanavyokimbilia pembeni mtu akiingia. Kisha akairudia picha, na sauti yake ikabadilika. "Unaona? Baliacha kichwa."

"Kichwa kina maana gani?"

"Nyumbani kwetu mama yangu alikuwa anaacha kichwa kama kuko mugeni. Donc mugeni aone si panya, si paka. Aone bamemupatia kitu ya kweli. Sisi batoto tukila peke yetu, unakata tu, hakuna mambo ya kichwa." Akaweka kidole juu ya Yesu. "Huyu ni mugeni. Huyu mutu alichora, alikuwa anamukaribisha Yesu kwao."

Nilisahau chakula. Vitabu vyote nilivyosoma vilisema Yesu ndiye mwenye karamu, yeye anagawa mkate, mnyama ni pambo tu la kienyeji. Mama huyu, akiwa na mwiko mkononi, alikuwa amegeuza meza nzima. Kama Yesu ni mgeni, basi aliyempikia yuko nje ya picha, jikoni, na ni Mwinka. Niliandika nyuma ya bahasha ya hospitali mpaka nafasi ikaisha.

Jumatatu profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yaling'aa, hilo nililiona. Lakini akasema, "Ni wazo zuri sana. Ila mama wa Kongo aliyeko Ohio si ushahidi kuhusu mchoraji wa Cusco. Nenda ukawasikilize watu wa Cusco wenyewe."

Nauli ya kwenda Peru sikuwa nayo. Nikaanza kuuliza kila mtu: wanafunzi wa Amerika Kusini waliopanga karibu na chuo, mpishi wa mkahawa, wasimamizi wa maktaba. Mwezi wa kwanza msichana mmoja aliyekuwa akisoma uhandisi aliniambia bibi yake mzaa mama alizaliwa Cusco, karibu na uwanja wa kanisa hilohilo, na sasa anaishi Louisville na wazazi wa msichana huyo. "Anapenda wageni," alisema. "Lakini anaongea sana, nakuonya."

Nilipomwambia Mama, alikwenda moja kwa moja chumbani kutoa begi. "Louisville iko na mudogo wangu. Tutalala kwake. Nami ninataka kumuona huyu mama anajua simbilisi."

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa gari langu kuukuu, sisi watatu, yule msichana akiwa nyuma na vitabu vyake. Tulivuka mto Ohio pale Cincinnati, kisha tukashuka Kentucky. Mama aliimba sehemu kubwa ya njia.

Bibi alitupokea mlangoni. Alikuwa mfupi, mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili mpaka kiunoni, miaka sabini na kitu. Alimkumbatia mjukuu wake, akanikumbatia mimi, akamkumbatia Mama na kumshika mabega akimtazama kitambaa chake cha kichwa. Walikuwa na kimo kimoja.

Mazungumzo yalikwenda hivi: Bibi alisema kwa Kihispania, mjukuu akanipa kwa Kiingereza, nami nikampa Mama kwa Kiswahili, kisha jibu likarudi njia hiyohiyo. Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu. Kila mmoja alingoja zamu yake kama mtu aliye kwenye foleni. Basi nikaikunjua picha.

Bibi aligusa ile sahani, akatoa sauti nyembamba: "Kuy, kuy, kuy."

Mama akaruka kitini. "Kwii, kwii, kwii!"

Wakacheka hadi Bibi akashika ukuta. Kuanzia hapo sisi wakalimani tulikuwa tukiwakimbiza tu. Jikoni? Jikoni! Wanakula maganda? Ya viazi, wewe je? Ya ndizi! Anayewachinja nani? Wanawake! Mama alionyesha kwa mikono jinsi ya kumshika, Bibi akamrekebisha kidole gumba, Mama akakataa, wakabishana bila neno hata moja la lugha moja. Mjukuu alikuwa na machozi ya kicheko. Mimi nilikuwa na kinasa sauti mezani, na nilikiangalia kila nusu dakika kuhakikisha ile taa ndogo nyekundu inawaka.

Hatimaye niliuliza swali lililonileta. Nilimweleza Bibi alivyosema Mama kuhusu kichwa na mgeni. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Hapana," alisema. "Kichwa tunaacha siku zote. Na yeye si mgeni."

Nikatafsiri. Mama akakunja mikono. "Muulize: kama si mugeni, basi ni nani?"

Bibi alikwenda dirishani, akarudi, akaanza kutueleza habari ya siku moja ya utoto wake. Alikuwa msichana mdogo, amekaa mlangoni na mama yake, ardhi ikatikisika. Nyumba ya jirani iliporomoka mbele ya macho yao. Watu walikimbilia uwanjani, vumbi limefunga mwanga, minara ya makanisa imepasuka. Ndani ya Kanisa Kuu kuna sanamu ya Kristo msalabani, mweusi, aliyefanywa mweusi kwa moshi wa mishumaa ya miaka mingi, ambaye watu wa mji humwita kwa jina la matetemeko. Siku hiyo wanaume walimtoa nje mabegani, wakamweka uwanjani katikati ya watu.

"Mama yangu alipiga magoti kwenye vumbi," Bibi alisema. "Lakini hakumwomba. Alimgombeza. Alimwambia kwa lugha yetu: ulikuwa wapi? Tazama nyumba yako! Tazama nyumba zetu! Alimgombeza kama mtu anavyomgombeza mumewe aliyechelewa kurudi. Mgeni humgombezi. Yeye ni wa nyumbani."

Mjukuu alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alisita katikati ya sentensi ya mwisho, akamtazama bibi yake, ndipo akaimalizia. Nilipomtafsiria Mama, niliona uso wake umebadilika. Bukavu nako ardhi hutikisika. Alieleza siku kanisa lao la kijijini lilipoanguka, na jinsi wanawake walivyorudi kesho yake kuokota matofali yaliyopona.

"Na kule kwao," Mama aliuliza, "nini ilibaki?"

"Kuta za chini," Bibi alijibu. "Mawe ya wazee wetu. Juu yake kila kitu kilipasuka. Mawe ya wazee hayakusogea."

Mama alipiga meza kwa kiganja. "Njo vile!" Akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia Bibi kwa muda mrefu.

Usingizi haukunijia vizuri kwa mdogo wake Mama, si kwa sababu ya godoro. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu wa kukubaliana na wazo langu, nikapata mtu aliyelikataa akanipa kubwa zaidi. Sasa nilikuwa na wanawake wawili waliowahi kumpika mnyama yule, mmoja akimwona Yesu mgeni, mwingine akimwona mtu wa nyumbani anayeweza kugombezwa, na wote wawili wakiisoma picha kutokea jikoni. Hilo ndilo lilikuwa jambo langu. Tuliporudi Columbus niliandika kurasa arobaini kwa wiki tatu. Profesa alizirudisha zikiwa zimejaa maandishi ya penseli, na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika: "Peleka hili Buffalo."

Mjini Buffalo kulikuwa na mkutano wa wanafunzi wa historia ya sanaa, mwezi wa nne. Mama aliposikia, alisema kaka yake anaishi hukohuko, mtaa wa East Side, kwa hiyo hakuna haja ya hoteli, wala ya kwenda peke yangu. Alikuja ukumbini amevaa kitenge cha njano na koti zito, akakaa safu ya nyuma, mkoba juu ya magoti.

Nilikuwa nimepewa dakika ishirini. Nilipoweka picha ya Karamu ukutani, ukubwa wa ukuta mzima, watu waliinama mbele. Mwanzoni nilisoma kwenye karatasi, kisha nikaiweka kando. Maswali yalipoanza, kijana mmoja mwenye miwani, kutoka chuo cha mbali, alisimama. Alikuwa mwenye adabu. Alisema wasomi kadhaa wanaamini mnyama yule si wa kufugwa kabisa, ni mnyama wa porini wa milimani, anayefanana na sungura na kuishi kwenye miamba. "Kama ni wa porini," alisema, "hoja yako ya jikoni inasimamaje?"

Lilikuwa swali la haki. Nilianza kupekua karatasi zangu. Ndipo nikasikia kiti kikisukumwa kule nyuma.

"Binti, anasema nini huyu?"

Ukumbi mzima uligeuka. Nikamweleza kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti, kwa kuwa sikufikiri kukizima. Mama akaja mbele polepole katikati ya viti, akasimama chini ya picha, akanyoosha mkono juu.

"Mwambie simbilisi iko na vidole vine mbele na vitatu nyuma. Nimebashika maisha yangu yote. Ahesabu."

Nikatafsiri. Kukawa na kicheko, kisha mtu akasema, "Ikuze!" Nikaikuza. Miguu ya nyuma ikawa mikubwa kama milango, na kadiri ilivyokua ndivyo ilivyogeuka kuwa madoa ya kahawia. Wengine waliona vitatu. Wengine waliona vinne, kama vya yule wa porini. Kijana mwenye miwani alipanda jukwaani kabisa, akasimama bega kwa bega na Mama, wote wawili wamekaza macho ukutani. Msimamizi wa kikao alijaribu mara mbili kutukumbusha muda, mara ya tatu akaja naye kuhesabu.

Hatukuafikiana. Lakini nilikuwa sijawahi kuona chumba cha wasomi kikisisimka namna ile. Watu walimzunguka Mama wakati wa chai, nami nikatafsiri hadi koo likakauka: wanalishwa nini, wanaishi miaka mingapi, sahani ya mgeni huwekwa wapi mezani. Kijana yule aliniomba anwani, akasema kwamba hata kama ni wa porini, hakuna aliyewahi kumfikiria mpishi. Mwezi wa tano tasnifu yangu ilipita. Kwenye ukurasa wa shukrani wanawake wale wawili wametangulia mbele ya profesa, na profesa mwenyewe ndiye aliyenishauri hivyo.

Ila ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata mkutano ule, kabla hatujaondoka Buffalo. Kaka yake Mama alitupeleka kusali kanisani kwao, hukohuko East Side, kwenye kanisa la mawe ambalo sikulitarajia: kubwa, lenye minara miwili, lililojengwa zamani na wahamiaji wa Ulaya ambao wajukuu wao walikwisha kuhamia vitongojini. Sasa waliojaza safu za mbele walikuwa Wakongomani na Warundi. Dari lilikuwa limechorwa watakatifu wenye mashavu mekundu. Theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka nje, maji yanadondoka.

Baada ya misa Mama hakutoka. Alitembea kando ya ukuta, mkono umegusa jiwe, mpaka alipomkuta mzee mmoja mweupe akizima mishumaa. Akaniita.

"Muulize. Haya mawe, nani aliyabeba?"

Nikauliza. Mzee alishangaa, kisha akaweka chini kile kizimio chake. Alisema babu yake. Mchana alikuwa kiwandani kwenye chuma, jioni alikuja hapa na wenzake, na wake zao walileta supu. Akatuonyesha pembeni, chini ya dirisha, jiwe moja lenye herufi mbili za jina la babu yake, zilizochongwa vibaya bila padri wa wakati huo kujua.

"Mnataka kupanda juu, kwenye kinanda?" aliuliza. "Kutoka pale dari mnaliona karibu. Kuna malaika mmoja juu kule ana sura ya bibi yangu."

Mama alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Nikatoa daftari, nikamfuata.